Uzi wa Zambarau Ndani ya Ukuta

Fundi alipoingia, mshonaji alimpeleka moja kwa moja jikoni, haraka haraka, kama mtu anayempitisha mgeni mbele ya chumba ambacho hakijafagiliwa.

"Ni hili tu," alisema, akionyesha bomba la sinki. "Linadondosha. Badilisha raba yake, ukimaliza nenda zako salama."

Fundi alilitazama bomba. Tone moja lilijikusanya kwenye mdomo wake, likafikiri, likaanguka.

Chumba cha pili mtu alikohoa kikohozi kirefu, kisha sauti ya kizee ikapenya ukutani. "Fundi! Usimsikilize huyo! Raba ya jikoni haiwezi kulowesha godoro langu!"

"Mama, pumzika," mshonaji alijibu.

"Nitapumzikaje ndani ya kisima? Fundi, njoo huku uone ukuta unavyotoka jasho. Utadhani ndio unaofanya kazi humu ndani!"

Aliyemwita fundi alikuwa mwenye sauti hiyo, mama mkwe wa mshonaji. Alisubiri mke wa mwanawe atoke kwenda kununua vifungo, akafungua dirisha, akampigia kelele jirani mwenye duka amtafutie fundi bomba, na awe anayejua kazi, si wale wa kubomoa kwanza na kufikiri baadaye. Jirani akamleta Sikio. Hilo ndilo jina watu walilompa, kwa sababu ya chuma chake chembamba chenye urefu wa fimbo, ambacho ncha moja huigusisha kwenye ukuta na ya pili kwenye sikio, akasimama hivyo amefumba macho hadi mwenye nyumba aanze kuwa na wasiwasi. Mshonaji aliporudi na vifungo vyake, alimkuta mlangoni anafuta viatu.

Sasa Sikio alikwenda chumbani kwa bibi, na mshonaji akamfuata nyuma akifuta mikono iliyokuwa mikavu.

Ukuta ule ulikuwa na hali mbaya, tusifichane. Rangi ilikuwa imevimba vipele toka sakafuni hadi usawa wa mto, na palipopasuka, saruji ilionekana nyeusi kama nguo iliyotoka kufuliwa. Kitanda kilikuwa kimesogezwa, kikasogezwa tena, na sasa kilikuwa katikati ya chumba, bibi juu yake amejifunika shuka hadi kidevuni.

"Bado kidogo nitalala mlangoni," alisema bibi. "Wapita njia wanisalimie."

Sikio alicheka. Aliupapasa ukuta kwa kiganja, akanusa vidole. "Bibi, maji ni waongo. Yanaingilia kule, yanatokea huku. Unyevu upo hapa, lakini mhalifu mwenyewe anaweza kuwa jikoni, anaweza kuwa bafuni, anaweza kuwa darini."

"Darini," mshonaji alidakia. "Huenda ni tangi. Asubuhi tunalikuta nusu."

"Tangi likikutwa nusu, dada, si tangi linalovuja. Kuna anayelinywa."

Akawaomba wafunge kila kitu. Wasinawe, wasipike, wasikoshe hata kikombe. Kisha akatoka hadi kwenye mita ya maji karibu na lango, akachuchumaa, na mshonaji akachuchumaa kando yake. Ndani ya kioo cha mita mlikuwa na kijigurudumu chekundu, kidogo kama kifungo cha shati la mtoto mchanga. Nyumba nzima ilikuwa imefumba mdomo, na bado kijigurudumu kilikuwa kinazunguka taratibu, bila haya.

"Unamwona?" Sikio alisema.

Mshonaji alimwona. Moyoni alikuwa anakisihi kijigurudumu kisimame.

Kilipokataa, alijaribu njia nyingine. "Choo hicho, fundi. Kinalialia."

Sikio akaomba wino. Akauangusha kwenye tangi dogo la choo, akafunga kifuniko, wakangoja wakiwa wamekiinamia choo wawili kama wanaosoma dua. Maji ya chini yalibaki meupe; wino haukushuka.

"Choo hakina hatia," Sikio alisema, na kwa mara ya kwanza akamtazama mshonaji usoni. "Dada, nimefanya kazi hii tangu sina ndevu. Watu huniongoza kwenye maji. Wewe unaniongoza mbali nayo. Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Haya." Akachukua chuma chake.

Kitu kilikuwepo, na mshonaji alijua barabara kilipo. Alijua bila chuma wala wino. Kilikuwa ndani ya ukuta kati ya bafu na chumba cha mama mkwe, juu kidogo ya kiuno cha mtu mzima, pale bomba linapokata kona. Kila alipooga alikiegemea. Alikuwa akiinama, akiweka shavu kwenye ukuta, na ndani yake akisikia ule mlio mwembamba, ssss, kama mtu anayevuta pumzi kati ya meno ili asiseme jambo. Mlio huo ndio kitu pekee chenye uhai alichoachiwa na mumewe.

Mumewe aliitwa Shoto na kila mtu, kwa sababu ya mkono alioutumia. Alikuwa fundi bomba. Walijuana siku alipokuja kuunga maji katika chumba ambamo mshonaji alikuwa akishona pamoja na wenzake. Shoto alikuwa akizungusha ile tepu nyeupe ya mafundi kwenye meno ya bomba, pale yanapoingia kwenye kiungio, na kila mara ncha ya tepu ilikuwa ikimchomoka. Mwishowe akageuka, akamwambia msichana wa cherehani ya dirishani, "Dada, hebu nisaidie uzi kidogo, hii tepu ina kiburi." Yeye akakata uzi aliokuwa nao sindanoni, wa zambarau. Shoto akaufunga juu ya tepu, mafundo mawili, moja juu ya jingine, huku akiimba wimbo wake alioutunga mwenyewe:

*Zunguka uzi zunguka, shika maji yasitoke,*
*mwenye nyumba akicheka, jina la fundi liwake.*

Wasichana walicheka hadi cherehani zikanyamaza. Tangu siku hiyo hakuna bomba alilounga bila kulifunga kwa uzi wa zambarau, na walipooana alikuwa akiutoa kwenye kikapu cha mkewe bila kuomba.

Lakini jina halikuwaka. Kazi za Shoto zilikuwa zinakaa vizuri msimu mmoja, kisha zinaanza kuvuja. Mteja wa kwanza alikuja kulalamika kwa upole, wa pili kwa sauti, wa tatu akaja na ndoo yenye maji akamwekea mlangoni, bila neno, watu wakitazama. Watoto wa mtaani wakamwongezea jina: Shoto Matone. Alikuwa mwenye kiburi kile cha mtu asiyekuwa na kitu kingine, na kila utani ulimwingia kama msumari. Kisha siku moja jioni akasikia mlio ndani ya ukuta alioujenga na kuutandazia mabomba mwenyewe, ukuta wa mama yake. Aliweka sikio pale. Alikaa kitambo. Alipogeuka, uso wake ulikuwa wa mtu aliyetukanwa na ndugu.

"Hapa asiguse mtu," alimwambia mkewe. "Fundi mwingine akifungua ukuta huu, sina pa kuuweka uso. Nitakwenda mbali, mahali wasiponijua, nijifunze upya. Nikirudi, nitaufungua mimi."

Akaondoka na mkoba wa vyuma na kidonge cha uzi wa zambarau. Mwanzoni alipiga simu. Kisha akapiga mara moja moja. Kisha simu ikawa inaitikiwa na yule mwanamke wa mtambo anayesema namba haipatikani, na mshonaji akafika mahali akaijua sauti ya mwanamke huyo kuliko ya mumewe. Mvua zilikuja, zikaenda, zikaja. Yeye akaulinda ukuta.

Chuma cha Sikio kilitembea. Kilianza jikoni, kikapita varandani, kikaingia bafuni. Mshonaji alisimama mlangoni ameshika tama. Sikio alikuwa anagusa, anafumba macho, anatikisa kichwa, anasogea. Alipofika kwenye kona hakutikisa kichwa. Midomo yake ikafunguka kidogo.

"Aa," alisema. "Huyu hapa. Anazungumza."

Akachukua nyundo na patasi. Alipogeuka, mshonaji alikuwa amesimama kati yake na ukuta, mgongo umebana vigae.

"Hapana," alisema. "Hapa hapabomolewi."

"Dada, ndipo penyewe."

"Najua ndipo penyewe!"

Sikio aliteremsha nyundo. Chumba cha pili kitanda kililia, nyayo zikaburuzika sakafuni, na mama mkwe akatokea mlangoni na shuka lake mabegani, akishikilia fremu.

"Kwa hiyo ulijua," alisema.

Mshonaji aliendelea kubana vigae kwa mgongo.

"Nakohoa humu kama injini ya kusaga, wewe ulijua."

"Alisema asiguse mtu, Mama. Alisema atarudi aufungue mwenyewe. Tukimleta mwingine, ni kama..." Akatikisa kichwa. "Akirudi akute nini? Akute tumeshamaliza bila yeye?"

Bibi alivuta shuka mabegani. Ulimi wake ulikuwa mkali, mtaa mzima ulijua, na Sikio alijiandaa kusikia matusi. Lakini bibi alisema polepole: "Unadhani uko peke yako kwenye foleni hii? Mimi namngoja tangu kabla hajazaliwa. Nilimngoja tumboni, nikamngoja atembee, nikamngoja aseme, maana hata kusema alichelewa. Kungoja nakujua mimi. Lakini ukuta huu ukianguka, mwanangu, utamwangukia nani? Atarudi akute kifusi, akute na mimi nimo chini yake. Ndiyo aibu unayotaka kumfichia?"

Mshonaji aligeuza uso. Aliweka kiganja kwenye vigae, akahisi ule mtetemo mdogo, akauacha mkono pale kama mtu anayeagana. Kisha akasogea kando.

"Usivunje zaidi ya inavyohitajika," alimwambia fundi.

Sikio alifanya kazi kwa adabu. Alichonga vigae viwili bila kuvipasua, akaviweka kando. Saruji iliyolowa ilimwachia kirahisi, ikianguka vipande vipande kama udongo wa mfinyanzi. Kisha maji yakaonekana, uzi mwembamba wa maji ukirushwa pembeni kutoka kwenye kiwiko cha bomba, kile cha chuma kinachopinda kona. Akafunga koki kuu, akashika spana, akakifungua kiwiko pamoja na kipande kifupi cha bomba. Akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaguna.

"Na aliyefunga hapa alikuwa amelala?"

"Nilimzaa akiwa macho," bibi alijibu. "Endelea."

Sikio aligutuka. "Nisamehe, bibi. Sikujua."

"Endelea tu. Sema yote. Hata mimi nataka kujua kwa nini mtoto wangu alichekwa."

Akawasogezea. Kwenye meno ya bomba tepu ilikuwa imejikunja, imevutwa ikajikusanya upande mmoja kama soksi iliyoshuka. "Angalieni. Kazi yenyewe ni safi. Bomba limekatwa vizuri, meno hayana kasoro, limekazwa kwa nguvu inayotakiwa. Kosa ni moja. Tepu huzungushwa kufuata upande kiungio kinakokazwa, ili kikiingia kiibane. Huyu ameizungusha kinyume. Kila alivyokaza, ndivyo alivyoifumua. Inashika mwanzoni, kisha taratibu inaachia."

"Ni mtu wa mkono wa kushoto," mshonaji alisema.

"Basi ndiyo hiyo. Lakini wapo mafundi wengi wa kushoto, huwa wanafundishwa."

"Alijifunza akiwa amekaa mbele ya fundi wake. Uso kwa uso, meza katikati." Alikuwa akisema polepole, kwa sababu alikuwa akiyaona anavyoyasema. "Aliniambia hivyo. Alimwiga kama mtu anavyojiiga kwenye kioo."

Sikio alipiga mluzi mdogo. "Na hakuna aliyemwambia?"

"Walimwambia mkono wake una mkosi."

Mshonaji alikichukua kile kipande cha bomba mkononi. Yeye, ambaye kila siku alizungusha uzi kwenye bobini ya cherehani. Yeye, ambaye angeweza kumwambia mtu yeyote kwamba uzi ukiuzungusha kinyume utafumuka mbele ya sindano. Alikuwa amemtazama mumewe akizungusha tepu miaka yote ya ndoa yao, na macho yake yote yalikuwa kwenye uso wa mwimbaji, si kwenye mikono. Kitu kidogo hivyo. Upande tu. Mtu alikuwa ameacha nyumba kwa sababu ya upande wa kuzungusha tepu.

Juu ya tepu ile iliyojikunja, uzi ulikuwa bado upo. Maji yalikuwa yameufifisha, lakini mafundo mawili yalikuwa yameshikilia, moja juu ya jingine.

Sikio aliuona. Akausogelea. "Ngoja kwanza," alisema. "Mafundo haya nayajua."

"Unayajuaje?"

"Si hapa. Nyuma ya maghala, upande wa pili wa mji, wanajenga nyumba za kupanga. Waliniita nikatafute maji yaliyokuwa yakilowesha ngazi, nikafungua viungio vitatu, vyote namna hii hii. Tepu kinyume, na uzi juu yake. Nikacheka, nikasema nani anashona mabomba?" Akapangusa viganja. "Yule fundi alikuwa amesimama nyuma yangu. Alichukua mkoba akatoka. Kule wanamwita Bubu, kwa sababu hasemi na mtu."

Mama mkwe alishikilia fremu kwa mikono miwili.

Mshonaji alikuwa na swali moja tu, na aliogopa jibu lake kuliko alivyowahi kuogopa kitu. Kikapu cha uzi kiko katika nyumba nyingi. Wanawake wanaoshona hawakosekani mjini.

"Uzi ulikuwa wa rangi gani?"

Sikio aliutazama uzi uliofifia, akamtazama yeye.

"Huu huu," alisema. "Zambarau."

Basi hapo mshonaji aliketi kwenye ukingo wa beseni la kufulia, akacheka na kulia kwa wakati mmoja, jambo ambalo halipendezi kutazamwa, na fundi kwa heshima akageukia bomba lake. Mumewe alikuwa hapa. Hakuvuka mpaka wowote. Alikuwa upande wa pili wa mji huu huu, akinyeshewa na mvua hizi hizi, akifunga uzi wake kwenye maji ya watu wengine, na hakubisha hodi. Hasira ilimpanda, ikafika kooni, ikakuta huzuni imetangulia.

"Niletee viatu vyangu," bibi alisema. "Nakwenda kumvuta sikio."

"Mama, hapana. Ukimfuata atahama tena. Wewe unamjua."

"Namjua. Kiburi hicho alikitoa kwa babake." Kisha, baada ya kufikiri: "Na kwangu kidogo."

Sikio alimaliza kazi. Aliweka kiwiko kipya na kipande kipya cha bomba, akazungusha tepu kwa upande unaotakiwa, akakaza. Alifungua koki kuu polepole, akapangusa kiungio kwa karatasi kavu, akaiinua karatasi kwenye mwanga. Ilikuwa kavu. Wakaenda kwenye mita, na kijigurudumu chekundu kilikuwa kimelala. Mshonaji alirudi bafuni, akaweka sikio ukutani kwa mazoea. Hakukuwa na kitu. Nyumba ilikuwa kama mtu aliyeacha kupumua.

"Nikande saruji, nirudishe vigae?" Sikio aliuliza.

Mshonaji alitazama tundu lile ukutani. Vigae viwili vilikuwa vimeegemezwa chini, vizima.

"Hapana. Liache wazi."

"Dada, litakuwa baya."

"Liwe baya. Plasta ina mwenyewe."

Bibi alitoa mguno. "Umemwondolea bomba, sasa unampa plasta."

"Kwa hiyo nimwambie nini, Mama? Njoo, hatuna haja nawe? Huyo atarudi akipewa kazi, si akipewa msamaha."

Bibi alilichungulia tundu, akarudi kitandani kwake.

Kisha mshonaji akamwomba fundi kile kiwiko cha zamani na kipande kifupi cha bomba lile lile, chenye meno. Akakisugua hadi kikang'aa. Akamwambia Sikio amwonyeshe. Sikio akamwonyesha mara moja, na mara moja ilitosha, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vya mtu wa uzi. Alizungusha tepu kwa upande unaotakiwa, akaivuta ikalala bapa. Juu yake akafunga uzi mpya wa zambarau. Hakujua kufunga mafundo yale mawili kama mumewe. Alifunga la kwake, la mshonaji, lile linalofichwa ndani ya pindo. Akatoa kikapuni kidonge kizima cha uzi, akaviweka vyote kwenye mfuko wa kitambaa alioushona papo hapo.

"Ukipita nyuma ya maghala," alisema.

"Nimwambie nini?"

Alifikiri. Maneno aliyokuwa ameyaweka tangu siku ya kuachwa yalikuwa mengi, mengine matamu, mengine yangeweza kumtoa mtu ngozi. Aliyapitia yote, na hakuna lililofaa kupelekwa na fundi kwenye mfuko.

"Akitazama ataelewa. Ni fundi," alisema. "Mwambie tu ukuta uko wazi."

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kuliko zile za zamani. Zamani alikuwa akingoja kama mtu anayengoja mvua, bila kujua inatoka wapi. Sasa alijua. Akikanyaga cherehani, kila kivuli kilichopita dirishani kilimkata mshono. Alishona mkono wa kulia mahali pa kushoto, akafumua, akaushona tena pale pale. Tangi lilikutwa limejaa asubuhi. Ukuta ulianza kukauka, rangi ikaanguka vipande kama magamba, na kikohozi cha bibi kikapungua hadi kikawa cha kuitia watu tu. Kila mtu alipaswa kufurahi. Lakini alipokuwa akioga, alijikuta ameegemea kando ya tundu, anasikiliza, na kimya kilimuuma. Wakati ukuta ulipovuja, angalau kulikuwa na kitu ndani yake kilichokuwa njiani.

Sikio alirudi mchana mmoja akiwa na mfuko ule ule wa kitambaa. Aliuweka kwenye meza ya cherehani bila salamu ndefu.

"Nilimkuta," alisema. "Nilimpa."

Mama mkwe alikuwa ameshafika mlangoni. "Alisema nini?"

"Hakusema. Alikitoa kiwiko, akakigeuza geuza. Nadhani alikitambua kabla ya kukishika. Kisha akatazama tepu. Akaitazama sana. Akaketi juu ya mfuko wa saruji, akaifumua, akakunjua nyingine, akaanza kuizungusha mwenyewe. Mara ya kwanza akaenda kinyume, akasimama, akarudi. Mkono haukutaka. Akageuza bomba badala ya mkono, ikakubali." Sikio alivua kofia, akakuna kichwa. "Nikamwambia, ukuta uko wazi. Hakujibu. Nikadhani hakunisikia. Lakini alipofika kwenye uzi, yule mtu wanayemwita Bubu alianza kuimba. Zunguka nini sijui, zunguka."

Mshonaji alikuwa ameshafungua mfuko.

Kipande cha bomba kilikuwa kimeingizwa kwenye kiwiko na kukazwa, na upande wa chini kimefungwa kizibo. Pembezoni mwa kiungio ncha ya uzi wa zambarau ilichungulia, imefungwa mafundo mawili, moja juu ya jingine. Kidonge cha uzi hakikuwemo. Alikuwa amebaki nacho.

"Lete maji," bibi aliamuru.

Wakasimamisha kiwiko juu ya meza, mdomo juu, kama kikombe. Bibi mwenyewe akamimina, hadi maji yakafika ukingoni yakatuna. Mshonaji alitandika chini yake kipande cha kitambaa cheupe. Wakainama wote watatu, vichwa vikikaribia kugusana, wakatazama. Nje mtu alipita akiburuza mkokoteni. Maji yalitulia, dirisha dogo likionekana ndani yake.

Walingoja sana. Sikio alipitisha kidole kwenye kiungio. Bibi akapitisha cha kwake, maana hakumwamini mtu.

"Kavu," alisema bibi, na sauti yake haikuwa kali hata kidogo. "Halivuji. La mwanangu halivuji." Akaketi kwenye kiti cha wateja, akajipangusa uso kwa ncha ya shuka. "Sasa amebakiza nini huko?"

Sikio aliaga. Mshonaji alimsindikiza hadi langoni, akamshukuru, akamtazama hadi alipokata kona na chuma chake begani. Kwenye kioo cha mita kijigurudumu chekundu kilikuwa kimelala. Alishika komeo la lango kulirudisha kama kawaida yake, kisha akaliacha.

Aliporudi ndani alipita bafuni. Alivisogeza vile vigae viwili vikae karibu na tundu, pale mtu akiinama anavifikia kwa mkono wa kushoto. Akaleta ndoo ndogo ya saruji iliyobaki, akaifunika isipate unyevu. Kisha akarudi kwenye cherehani, akatunga uzi sindanoni, na kabla ya kukanyaga alitega sikio, si ukutani tena, bali barabarani.